Siku Nne Tupu Katika Daftari la Chumba cha Joto

Ule ulikuwa mwaka wa maharagwe yenye mikia. Mvua ya Elinino ilikuja kama mgeni wa siku mbili, ikakaa mpaka ikatuzoea. Ulikuwa ukifungua gunia unakuta kila punje imechomoza mkia mweupe, na kwa kuwa hakuna kingine unapika hivyo hivyo, na watoto wanasema leo tunakula viluwiluwi. Mahindi yalioza yakiwa yamesimama shambani. Yale ya Mulot tuliyozoea kushushiwa sokoni Boito yalianza kuja kwa kuchelewa, kisha yakaacha kuja kabisa, barabara ilikuwa uji. Tulikula viazi vyenye maji mpaka ndani, ndizi za kuchemsha, mboga ya sageti isiyokauka umande, na ugali wa wimbi kwa wale waliokuwa wameficha wimbi darini. Maziwa yalikuwako, maana nyasi zilifika magotini, lakini hata maziwa ungedhani ng'ombe wenyewe wameyachanganya na mvua. Ukiniuliza ulikuwa mwaka gani, usitarajie namba. Mimi huo mwaka naukumbuka kwa meno.

Nimelazimika kuukumbuka kwa sababu ya mgeni. Wiki mbili zilizopita Mwalimu Joyce, mjane wa Makori niliyefanya naye kazi kiwandani, alikuja kwangu kutoka Sigowet. Makori alikufa mwaka jana na mimi nilipata habari watu wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Siku hiyo mjukuu wangu Chepkirui alikuwa nyumbani kwa likizo, yule anayesomea takwimu chuoni, na nitamtaja tena kwa sababu najivuna naye na sioni aibu. Tukamwekea Mwalimu chai na viazi vitamu. Hakugusa. Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa daftari lenye jalada la bluu lililoliwa na mende pembeni, na kabla halijafika mezani nilikuwa nimelijua. Namba za penseli, saba zangu zenye kofia, sifuri zangu zilizolala kidogo. Akasema wanatengeneza kitabu kidogo cha kumbukumbu ya mzee, kila mtu ameandika maneno yake, nimebaki mimi. Akasema wanawe wamesikia tangu utotoni kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Boito ambaye baba yao alimtetea mbele ya wakubwa. "Mama Chebet, andika tu kwamba siku ile alikutetea," akaniambia. "Wanataka waisikie kwako."

Nikamwambia aniachie daftari, nitaandika. Tangu hapo situlii. Hata haya naandika nikiwa nusu nimesimama. Naketi, naandika mistari mitatu, naamka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye nimemwangalia sasa hivi.

Chumba cha joto kilikuwa nyuma ya ukumbi wa kupaki, kwenye kiwanda cha chai. Zamani kilikuwa stoo ya masanduku ya mbao, na ukiegemea ukuta bado ungeokota vumbi la majani chai kwenye sweta. Dirisha moja, meza moja, kiti kimoja chenye mguu uliofungwa waya. Na makabati matatu ya bati ambayo fundi wa kiwanda aliyatengeneza, yenye moto wa stima ndani na vioo vidogo vya kuchungulia. Ndani ya kila kabati, chini, paliwekwa sinia. Mawili yalikuwa na chumvi iliyoloweshwa, kila moja chumvi ya aina yake, maana chumvi ikiloa ndani ya kabati lililofungwa hushika unyevu usipande wala kushuka. Rael, rafiki yangu wa ukumbini, alisema kiwanda kinapikia makabati chumvi na sisi mboga zetu nyumbani ni chukuchuku. Yeye ndiye aliyeyapa majina. Lile la joto kali na unyevu mwingi akaliita Mombasa. La joto la kadiri na unyevu wa kadiri, Kisumu. La tatu, la joto kali na ukavu, ambalo sinia lake lilikuwa na dawa ya kunyonya maji, akaliita Lodwar. Baada ya mwezi hata Makori alikuwa akiandika Lodwar kwenye karatasi zake.

Makori alikuwa kijana wa Kisii, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Kazi yake ilikuwa kujua pakiti mpya ya karatasi ya bei rahisi italinda majani chai kwa muda gani dukani. Alitaka msaidizi wa kusoma themomita, na wakaniita mimi kutoka shambani kwenye kuchuma chai, mimi niliyefika darasa la tatu, kwa sababu nilikuwa nikibishana na karani wa mizani. Nilikuwa nikisoma kilo zangu mwenyewe na kuzisema kwa sauti kabla yake, akachukia, nadhani ndiye aliyenipendekeza ili nimwondokee. Nikapewa koti jeupe na penseli. Nilikuwa karibu miaka thelathini, nina mtoto mmoja mgongoni na kifua kinachokoroma kwa baridi ya kuchuma, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunipa penseli akasubiri niandike. Nikaapa kwamba kutoka ndani ya chumba kile nitatolewa kwa kuburutwa.

Kila kabati lilikuwa na themomita mbili, moja uchi na nyingine imevaa soksi ya kitambaa yenye maji. Unasoma zote mbili. Zikikaribiana, hewa ina maji mengi. Zikiachana, hewa ni kavu. Asubuhi, adhuhuri, jioni, unaandika. Kila Jumatatu na Alhamisi Makori alitoa pakiti zilizopangiwa siku hiyo, akazipima uzito, akachoma majani kidogo ajue maji yaliyoingia, akaonja kikombe. Maji yakizidi alama aliyoiweka, pakiti hiyo imekufa, na mimi naandika siku ya kufa. Nilimuuliza mbona tunaziua pakiti za watu. Akacheka, akanieleza. Dukani pakiti inakaa miaka miwili, na yeye amepewa miezi mitano. Kwa hiyo anaizeesha haraka kwa joto na unyevu. Akijua zinakufa lini Mombasa, na zinakufa lini Kisumu, na ukavu wa Lodwar unaziongezea siku ngapi, anaweza kuchora mstari, na mstari huo akautembeza mpaka ukafika kwenye joto la duka la kawaida ambako hakuna mtu aliyekaa kusubiri.

Nikamwambia hiyo naijua. Akaniuliza naijuaje. Nikamwambia mama mkwe wangu ana vibuyu vinne vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na akitaka cha kunywewa keshokutwa anakiweka karibu na mafiga, cha arusi ya mwezi ujao anakiweka kule ukutani penye ubaridi. Anaonja cha motoni tu, na anajua cha ukutani kitaiva siku gani bila kukifungua. Makori alivuta kiti kwenye meza. Akachukua karatasi, akaniuliza kibuyu cha motoni siku ngapi, cha katikati siku ngapi, cha ukutani siku ngapi, akatia nukta tatu na mstari. "Mama mkwe wako," akasema, "wangemleta hapa badala yangu." Juzi Chepkirui alinionyesha mstari huohuo kwenye kompyuta yake, una jina refu la Kizungu. Nimemwambia bibi yako mzaa babu aliuchora kwa ulimi.

Kitu kingine alichonifundisha ndicho kinachonisumbua leo. Pakiti za mashine moja, siku moja, kabati moja, hazifi pamoja. Moja inakufa wiki ya tatu, dada yake inafika wiki ya tisa. Ndiyo sababu aliweka arobaini kila kabati. Na zile ambazo muda wake wa kutolewa ulifika zikiwa bado hai, nilizoea kuziandikia siku ile kama siku ya kufa, nimalize mstari. Akanikataza. Akasema hiyo haijafa, na siku itakayokufa hatuijui, na tukisema imekufa leo tumeidhulumu. Andika siku uliyoiona hai mara ya mwisho, halafu weka alama ya kujumlisha. Maana yake, mpaka hapa nimeona, mbele sijui. Akasema alama hiyo ndogo inafanya kazi kubwa kuliko namba nyingi nzuri. Nikaanza kuiweka kila mahali. Rael akiniuliza ugali umebaki kiasi gani, namwambia, wa kumlisha mtoto, kujumlisha.

Mchana tulikula kwenye baraza ya ukumbi, migongo kwa ukuta ili matone yasitufikie. Maharagwe yenye mikia kwenye mkebe wa siagi, viazi, chai ya vumbi ambayo kiwanda hakikuiuza. Wanawake walikuwa na hofu moja na waliizungumza kwa mizaha. Mama mmoja alisema mumewe anaota ukungu masikioni. Mwingine akasema afadhali wewe, wangu ameota uyoga na hataki uvunwe. Halafu kicheko kinaisha, kunabaki mvua, na mtu anasema kwa sauti ya chini kwamba mahindi aliyovuna juzi yameanza kunuka ndani ya nyumba. Mimi pia yangu yalikuwa yameanza kunuka. Madebe mawili, chakula changu na Chebet mpaka msimu mwingine. Nilikuwa nimeyaanika juu ya moto, chini ya kitanda, ndani ya kapu pamoja na nguo. Na kila asubuhi nilikuwa nafungua kioo cha Lodwar, penye joto na ukavu, na pakiti zimepangwa kule ndani kama watu wa maana.

Unajua nilichofanya. Nilileta yale mahindi kwa mafungu, nikayatandaza kwenye kitambaa nyuma ya pakiti ambapo kioo hakionyeshi. Siku tatu. Yalikauka yakawa yanalia kama kokoto. Themomita yenye soksi ilipanda mpaka ikakaribia mwenzake, maana maji yote ya mahindi yalikuwa yameingia hewani, na mimi kwa mkono huu nikaandika namba za kawaida za Lodwar, za ukavu. Nilijua zinavyotakiwa kuwa. Sikuwa mjinga tena wa kutojua kudanganya.

Wiki mbili baadaye pakiti za Lodwar zilianza kufa mapema. Makori akapima, akapima tena. Mstari wake ukakataa. Aliacha kula, akawa anatafuna mfuniko wa kalamu. Alilaumu gundi, akalaumu mizani, akasema pengine hesabu yote aliyofundishwa haifai kwa chai. Alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, mpaka nami nikaanza kutembea. Alhamisi moja alifungua pakiti, akashika majani kwa vidole, yakakunjika bila kuvunjika. Akaniuliza bila kunitazama, "Mama Chebet, Lodwar kumenyesha lini?"

Nikamwambia yote. Nilisimama kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa. Nilijua koti nitalivua jioni hiyo. Hakupiga kelele. Aliniuliza ni siku zipi, mahindi kiasi gani, nikamwonyesha. Akazungushia namba zangu za uongo duara, pembeni akaandika neno mahindi. Halafu akasema, na alisema polepole, "Namba mbaya nikijua sababu yake, naitumia. Namba nzuri ya uongo, hiyo ndiyo inaniua." Akauliza kama yalikauka. Nikasema yalikauka. Akasema basi angalau mtoto amekula takwimu. Kesho yake nikamletea ugali wa mahindi yale kwenye mkebe, akala wote, na hatukuliongea tena. Sikusema uongo kwenye daftari lile tena, na si kwa sababu ya wema. Nilikuwa nimeona mtu anavyodhoofika kwa namba zangu za siku tatu.

Kisha ikaja ile wiki ambayo daraja letu lilienda na maji. Makori alikuwa amevuka kwenda kwao Kisii kwenye mazishi, akafungiwa huko. Mimi nilifungiwa upande wa nyumbani. Stima ilikatika, makabati yakapoa, na kwa siku nne hakuna aliyeingia chumba cha joto. Nilipofika siku ya tano, gambuti mkononi, Mombasa ilikuwa baridi kama kaburi na soksi zote zimekauka. Niliandika nilichokikuta na nikaacha mistari minne mitupu juu yake. Makori alifika jioni, amechafuka mpaka kiunoni, akatazama ile mistari, akatikisa kichwa kukubali.

Bwana Langat, mkubwa wa upande wa kupaki, hakutikisa. Wanunuzi walikuwa wanakuja Ijumaa kutazama majaribio ya pakiti mpya. Alituita sote wawili ofisini kwake. Chumba kidogo, kalenda ya ng'ombe, themosi ya chai aliyotumiminia kwa mkono wake, jambo ambalo lilinitisha kuliko matusi. Alinipa kiti. Akaeleza kwamba daftari lote ni mwandiko wangu, hivyo anayefaa kujaza ni mimi, na kwamba siku nne kwenye miezi mitano ni kitu cha kucheka. Tukiziacha hivyo wanunuzi watasema majaribio yamevunjika, yaanze upya, na miezi mitano mingine hakuna. Akasema Makori ataelewa, si ndiyo, Makori? Makori alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili, akitazama chai yake.

"Andika tu kama zile zingine," Langat akasema, akinisogezea penseli. "Nani atajua?"

Nilimtazama Makori. Nilingoja. Nilifikiria kifua changu na baridi ya mashamba saa moja asubuhi. Nilifikiria yale mahindi. Penseli ilikuwa yangu, niliijua kwa alama za meno.

"Sitaandika siku ambayo sikuiona," nikasema.

Langat hakukasirika hata. Aliniambia niache koti kwa karani na kesho nichukue kikapu changu nirudi kuchuma. Nikainuka. Nikiwa mlangoni niligeuka, nikaona mdomo wa Makori ukifunguka. Mlango ukafungwa. Nilisimama kwenye baraza kusikiliza, sitaficha, niliweka sikio kabisa, lakini mvua ilikuwa inapiga lile bati kama watu mia wanapepeta mawe, na haikuniachia hata neno. Nikangoja kidogo. Nikavua koti.

Nilichuma chai mvua yote iliyobaki na nikakohoa mwaka mzima. Rael aliniambia Ijumaa ile wanunuzi walionyeshwa daftari jipya, safi, lililonunuliwa dukani asubuhi, limejaa tangu ukurasa wa kwanza. Nikamuuliza mwandiko wa nani. Akasema hakuuona vizuri. Rael huona kunguni kwenye blanketi jeusi, lakini sikumbana. Mwezi uliofuata Makori aliondoka. Wengine walisema alifukuzwa, wengine walisema alipandishwa akapelekwa kwingine. Nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, Mulot siku ya mnada wa ng'ombe, amenenepa, shati bado mpaka kifungo cha shingo. Akaninunulia chai na chapati. Akauliza kama bado nasoma themomita, nikamwambia siku hizi nasoma mawingu. Akacheka mpaka akafuta macho. Nilikuwa na swali langu hapo mdomoni, nikalimeza na chapati. Na yeye ni kama alikuwa na jibu, au hakuwa nalo. Tukaagana kwa mikono miwili.

Jana Mwalimu Joyce alirudi kuchukua maneno yangu. Alikaa kiti kile kile, na safari hii akanywa chai. Alifungua daftari kwenye zile siku nne akaniwekea mbele. Bado ni tupu. Pembeni, kwa kalamu na si penseli, kwa mkono wake Makori, kuna alama ndogo ya kujumlisha. "Unaona," Mwalimu akasema, "hakuruhusu zijazwe. Alilichukua daftari akalificha miaka yote hii. Si hiyo ni kukutetea?" Nikasema inawezekana. Nikasema pia inawezekana alilichukua lilipokuwa halina kazi tena, kwa kuwa lile jipya lilikuwa limekwisha kujazwa, na sijui na mkono wa nani. Uso wake ulibadilika, na mimi nikaona aibu, kwa sababu ni mjane na amekuja mbali, na kwa sababu mimi ndiye ninayetaka kuamini kuliko yeye.

Nikampa karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kuhusu vibuyu, kuhusu Lodwar, kuhusu mahindi yangu, ndiyo, na hayo ayaweke, wajukuu zangu wasome. Nikaandika kwamba alininyooshea penseli wakati nilikuwa najua jembe na kikapu tu. Nikaandika kwamba siku ile nilimwona ameshika kingo za meza, na nikiwa mlangoni nilimwona akifungua mdomo. Baada ya hapo nikaweka alama ya kujumlisha.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Chepkirui, ambaye alama hiyo anaijua, aliinua macho akanitazama, akayarudisha chini haraka. Mwalimu akachukua kalamu kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya karatasi, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Mstari mmoja tu, Mama Chebet. Kwamba alisema. Mzee amelala, Langat amelala. Itamuumiza nani?"

Kalamu ilikuwa nzuri, ya wino mweusi. Niliishika. Nilitazama dirishani, mvua ilikuwa inaanza, na nikasikiliza kana kwamba huenda safari hii ingeniachia neno moja.

"Sitaandika siku ambayo sikuiona," nikasema.